Karatasi Thelathini za Shemegi Yaqdhan

Jumapili, 8 Oktoba

Shemegi Yaqdhan anagombea Majlis Shura, bunge la nchi yetu! Ametangaza leo baada ya chakula cha mchana, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. Ni daktari wa mifugo. Miaka ishirini na sita anatibu mbuzi, ng'ombe na ngamia wa wilaya yetu ya asili, kule ndani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa Mabela. Ufasaha hajawahi kuuhitaji. Wagonjwa wake hawajibu.

Mke wangu Sayyida akalia kwa furaha. Yaqdhan ni kaka yake pekee. Mama yao, Bi Zakiya, akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani. Mimi nikasema mashallah, nikachukua kipande chengine cha papai.

Halafu Sayyida naye akatangaza lake. Meneja wa kampeni ni mimi. Sababu: nna hati nzuri ya Kiarabu, na jioni sina kazi ya maana. Sikukubali. Sikukataa pia. Kwa Sayyida huko ndiko kukubali.

Tathmini yangu ya siri: hapati. Kiti kimoja, wagombea saba, na mmoja wao ni wakili Osama, mwenye sauti ya redio na ukoo wa kujaza uwanja wa mpira.

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku kubwa. Nimeanzisha soko.

Ilikuwa hivi. Ofisini kwetu Al Khuwair siku hizi hakuna kazi, kuna kura tu. Kila mmoja anajua nani atashinda wapi. Mahfoudh wa masjala akasema Yaqdhan anashinda, hana wasiwasi hata chembe. Ushahidi wake: mwaka juzi Yaqdhan alimponya mbuzi wake aliyemeza soksi.

Mahfoudh namjua miaka kumi na tisa. Tuliajiriwa wiki moja. Yeye anaegesha namba moja, kivulini, hatua nne kutoka mlangoni. Mimi ni namba kumi na mbili, kivuli cha mwisho, ubavuni mwa mapipa ya taka. Hajatokea mtu wa kunieleza kwa nini.

Nikasema: mwenye yakini aiweke yakini yake mezani. Si fedha! Fedha ni kamari, na kamari ni haramu, na isitoshe watu hufungwa. Tuweke siku za kivuli. Karatasi moja ya Yaqdhan italipa siku kumi za kuegesha kivulini akishinda. Akishindwa, ni ya kufungia sambusa. Bei ipande na kushuka kadiri watu wanavyomwamini. Nimesoma mtandaoni kwamba Wamarekani hufanya hivi kwa kila kiti, hata vya wilaya ambazo wao wenyewe hawazijui, na wanaiita sayansi.

Bei ya kufungulia: siku tatu. Mahfoudh akanunua karatasi kumi papo hapo. Muuzaji mimi. Kwa hiyo siku thelathini za namba moja ni zangu kuanzia kesho! Yaqdhan akishinda nitadaiwa siku mia. Lakini hashindi. Nimemsikia akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Kioo kilimshinda.

Mtunza karatasi ni Pauline, Mkenya wa mapokezi, kwa sababu ndiye pekee ambaye wote tunamwamini. Akasema ataandika lakini hatacheza. "Kwetu nimeona mtu akiuza ng'ombe tatu juu ya kura ya wadi, Bwana Marhoon. Wadi tu." Akasema pia hakuna kazi ya bure. Ada yake siku moja kwa kila karatasi mbili zinazobadilisha mkono. Nikamkubalia. Hana gari. Atazifanyia nini?

Jumanne, 10 Oktoba

Nimeegesha namba moja. Saa nane mchana nimeshika usukani kwa mikono mitupu, bila kitambaa. Nimekaa ndani ya gari dakika tano bila kwenda popote. Mahfoudh alikuwa anapita juani kwa miguu kutoka ng'ambo ya barabara, kilemba kimelowa. Nikampungia mkono.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mkutano wa kwanza, kwenye sabla, ule ukumbi wa wazee wa mtaa. Nilimshauri shemegi asiseme kitu. Nikamwambia wapigakura wamechoka na maneno. Ushauri wa kitaalamu. Nia yangu aonekane zezeta.

Akakaa dakika arubaini, kimya, kahawa mkononi. Wazee wakalalamika: maji, barabara, wahitimu wasio na kazi. Yeye akawa anatikisa kichwa na kuandika kwenye kijitabu chake cha chanjo. Mwisho mzee mmoja akasimama, akasema amehudhuria chaguzi zote na huyu ndiye mgombea wa kwanza kumsikiliza. Watu wakamshika shemegi mikono. Mmoja alimbusu kichwani.

Njiani kurudi Yaqdhan akanishukuru. Alisema bila mimi angeharibu, maana alikuwa ametayarisha hotuba ya kurasa tisa.

Jumapili, 15 Oktoba

Wiki ya kazi imeanza, na khabari za sabla zimefika ofisini kabla yangu. Karatasi ya Yaqdhan ni siku tano. Mahfoudh anatembea juani akitabasamu, jambo linaloudhi.

Nimechukua hatua. Kampeni ilihitaji picha ya kusambaza kwenye simu. Sayyida alikuwa amechagua ile ya bishti, joho la heshima, na kilemba kipya, shemegi akitazama mbali kama waziri. Mimi, "kwa bahati mbaya," nikatuma nyengine: Yaqdhan zizini, amevaa fulana, mkono wake wa kulia umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani.

Jumatatu, 16 Oktoba

Picha imezunguka wilaya nzima. Watu wanaandika: huyu haogopi kazi. Wanaandika: wengine wanaingiza mikono kwenye mifuko yetu, huyu angalau tunajua mkono wake uko wapi. Mwenye ng'ombe amejitokeza, anasema ndama aliyevutwa siku ile sasa ana miaka minne na afya tele.

Sayyida alinikasirikia kwa saa moja. Kisha akaona maoni yamefika elfu mbili, akaniita mwerevu mbele ya mama yake. Bi Zakiya akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema ni kipaji.

Bei: siku saba.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeomba ruhusa, nikafuatana na shemegi wilayani. Nilitaka kujua kama kweli anaweza kushinda. Soko zuri linahitaji khabari za ndani.

Alinipeleka kwenye wadi, bonde la mto mkavu, mahali barabara inaposhuka na kuvuka mchanga kwenda vijiji vya upande wa pili. Pamekauka, mawe matupu. Akasimamisha gari. Akasema miaka mitatu nyuma mvua ilinyesha milimani, maji yakateremka hapa adhuhuri, kukawa hakupitiki. Upande ule palikuwa na kijana na mkewe ndani ya pikapu, mke anaumwa uchungu. Yaqdhan alikuwa anatoka kuchanja mbuzi. Hakukuwa na mikono mingine. Akamzalisha yeye, nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya chakula cha mifugo.

"Mtoto alitoka mzima," akasema. "Mama yake hatukuwahi. Maji yalipungua alasiri."

Kisha akasema anataka daraja. Hana jambo jengine. Siku daraja litakapokwisha, wakitaka kiti chao wakichukue.

Nilijisikia vibaya sana. Kwa muda mrefu, mpaka tulipotokea barabara kuu.

Hapo ndipo nikaanza kufikiri. Mtu mwenye jambo moja tu, na kila kijiji kinamjua, na mbuzi wote wako hai. Anashinda! Na mimi nimeuza karatasi kumi. Lazima nigeuke. Lazima ninunue, na ninunue nyingi, ili nifidie nilizouza na nipate faida juu yake. Ila kwa siku saba kwa karatasi ni ghali mno. Bei inahitaji kushuka kidogo. Kwa siku mbili tatu tu. Haitamdhuru mtu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo asubuhi mkahawani nilimnong'oneza Wael, wa idara ya jirani, kwamba shemegi yangu mgongo unamsumbua na anafikiria kujitoa. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote. Wael hana kifua. Ndiyo sababu nilimchagua.

Nilimwambia saa tatu. Saa saba Bi Zakiya alinipigia simu akilia, anauliza mgongo wa mwanawe umefanya nini. Ameyapata kwa binamu yake wa Yiti. Yiti! Huko ni pwani, upande mwengine kabisa, hawapigi hata kura kwetu. Siri ilikwenda pwani ikarudi Mabela kabla sijala chakula cha mchana.

Jumapili, 22 Oktoba

Bei: siku nne! Ofisi nzima inataka kuuza. Nimenunua karatasi thelathini kwa siku mia na ishirini. Kumi zinafuta zile nilizouza. Ishirini ni faida tupu. Shemegi akishinda naegesha kivulini mpaka wanisahau.

Siku zangu za namba moja zimerudi kwa Mahfoudh, na namba kumi na mbili nimeitoa yote mpaka mwezi wa nne. Nimeegesha juani, upande wa uwanja wa udongo. Si neno. Ni wiki moja tu.

Pauline aliandika yote, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nna khabari za ndani. Akanitazama. Akauliza: "Na hizo za mgongo zilitoka ndani ama nje?" Nikajifanya simu inalia.

Jumanne, 24 Oktoba

Sasa kazi ya kupandisha bei. Nimemwandikia shemegi kanusho zuri, Kiarabu fasaha, kwamba ni mzima wa afya na hajitoi. Likasambazwa kila mahali.

Matokeo: waliokuwa hawajasikia uvumi sasa wameusikia. Waliousikia wameuamini zaidi. Mtu mzima hatangazi kwamba ni mzima, ndivyo wanavyosema. Nikamshauri apige picha amenyanyua mbuzi, kuonyesha mgongo. Alimnyanyua. Mbuzi akamkoromea, akampiga teke, shemegi akajipinda kidogo. Mpiga picha alikamata sekunde ileile.

Bei imebaki nne na nusu.

Jioni Bi Zakiya alinikuta jikoni. Amekwisha kujua habari za soko. Mke wa Mahfoudh wanasali naye msikiti mmoja. Nikamweleza kwamba hapana fedha, ni kivuli tu, hata sheria haina neno kwa kivuli.

"Marhoon, mwanangu," akasema, "kamari ni kamari hata ukicheza kwa kokwa za tende. Na mimi nnakuuliza. Haya maneno ya mgongo, aliyeyatoa nani?"

Nikasema watu wabaya.

"Njia ya muongo fupi," akasema, akafunika sufuria, akaenda zake. Hajamwambia Sayyida. Sijui anangoja nini.

Jumapili, 29 Oktoba

Siku ya kura. Siku hizi tunapigia kwenye simu: unapiga picha kitambulisho, unapiga picha uso, unachagua jina. Uso wangu ulikataliwa mara mbili. Simu ilitaka nitulize macho.

Nilijifungia chooni, si kwa siri yoyote, bali Sayyida alikuwa anapita kila chumba kukagua nani amekwisha kupiga. Nikaliona jina la shemegi kwenye orodha, na ile picha ya bishti. Kwa mara ya kwanza tangu mwanzo nilichotaka na kilichokuwa sawa vilikuwa kitu kimoja. Hali ngeni. Nikabonyeza haraka kabla haijabadilika.

Tulikusanyika kwa shemegi, watu arubaini sebuleni. Yaqdhan akawa anazunguka na birika la kahawa yeye mwenyewe, hakai. Matokeo yalikuja magharibi, kwenye televisheni.

Osama. Kisha Yaqdhan. Tofauti kura kumi na tisa.

Simu zikaanza. Mzee mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya wadi akapiga, sauti imewekwa wazi, wote tukamsikia. Alikuwa anaomba radhi. Alisema yeye na wanawe na wakwe zake walidhani daktari kajitoa kwa ajili ya mgongo, wakaona wasipoteze kura, wakampa wakili. Nyumba ile ina wapigakura kumi na wanne. Nyumba ya pili yake ina saba.

Yaqdhan akamwambia si kitu, ammi, na ngamia yule anaendeleaje.

Bi Zakiya alinitazama. Mimi nikatazama kahawa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Karatasi thelathini nimekwenda kuzichukua kwa Pauline. Ni nzuri, amezipiga muhuri. Hata sambusa hazifungi, karatasi ngumu mno.

Mahfoudh amerudi namba moja. Nilitarajia anicheke. Badala yake akanipa pole ya shemegi, akasema alimpigia kura ya moyo ingawa si mtu wa wilaya ile. Ni vigumu kumchukia mtu akiwa hivyo, lakini nimejitahidi.

Namba kumi na mbili ni ya Pauline. Ada zake za wiki tatu, pamoja na siku alizonunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa waliokata tamaa. Leo saa nne wafagizi wote walikuwa pale: meza ya plastiki, viti, chupa ya chai ya maziwa, mandazi. Mapipa ameyahamisha. Muda wote huo yalikuwa na magurudumu! Akanikaribisha chai. Nilisimama, kwa sababu kiti hakikubaki, nikanywa kikombe kizima nikilitazama gari langu likichomwa na jua ng'ambo ya barabara.

Ijumaa, 3 Novemba

Sayyida amejua. Alimkuta mke wa Mahfoudh harusini. Mambo ya karatasi tu. Ya mgongo bado. Siku mbili nimepewa wali bila achari. Leo akanivalisha kanzu safi, akaniambia tunakwenda kula kwa kaka yake, na kwamba nitasema mwenyewe.

Nikasema, baada ya samaki. Nilisema kwamba mwanzo niliuza, nikidhani hashindi. Kwamba baadaye nilinunua. Kwamba picha ya ng'ombe haikuwa bahati mbaya. Malak, binti yake mkubwa, akaacha kula.

Yaqdhan alifikiri. Akauliza bei yake ya chini kabisa ilikuwa ngapi. Nikamwambia tatu, siku ya kwanza.

"Tatu katika kumi?" akasema. "Mimi nisingejinunua hata kwa moja." Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, mabega yanacheza. Akasema picha ya ng'ombe ilimletea kura mia tano, na kwamba nilikuwa meneja bora kuliko nilivyokusudia.

Kisha akanionyesha karatasi kubwa mezani. Ramani ya wadi, vipimo vyote kwa mkono wake. Jumatano alimpelekea Osama nyumbani kwake. Walikaa kwa muda wa saa tatu. Osama amekubali waende pamoja kuwaona wahusika wa barabara wiki ijayo, na Yaqdhan ndiye atakayeeleza. Anafanya mazoezi tena mbele ya kioo.

Hapo nilifungua kinywa kusema la mgongo. Wallahi nilikifungua. Malak akaleta halua, na kinywa kilikuwa wazi tayari.

Bi Zakiya hakunitolea macho leo. Alinisogezea sahani tu. Ni vibaya zaidi.

Jumapili, 5 Novemba

Nimekaa nimetafakari, kwa dhati, kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Kosa lilikuwa kubashiri mtu mwengine. Mtu mwengine huwezi kumjua. Anaweza kukaa kimya ukadhani zezeta, kumbe hekima. Anaweza kuwa na daraja moyoni mwake na wewe huna khabari.

Leo limetoka tangazo: naibu mkurugenzi anastaafu mwezi wa kumi na mbili. Wanaowania ni sita, na mimi mmoja wao; atakayechagua ni mkurugenzi mwenyewe. Kabla ya adhuhuri soko lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na safari hii si mimi niliyelifungua, ni Mahfoudh. Kivuli sina tena, kwa hiyo tunalipana kwa zamu: anayedaiwa anamshikia mwenzake kazi ya dirishani, zamu moja siku nzima.

Karatasi ya Marhoon inauzwa moja katika kumi. Moja! Mfagizi mmoja alitaka kuuza yake kwa nusu.

Nimenunua arubaini. Zamu nitazilipa kwa likizo ile ya Disemba, tuliyopanga na Sayyida kwenda Unguja. Hajui bado. Nitamwambia nikishateuliwa, atafurahi.

Nilimkumbusha Pauline kwamba hii si bahati nasibu, mgombea mwenyewe ndiye mnunuzi, khabari za ndani zaidi ya hizi hazipo. Akapiga muhuri karatasi zote arubaini. Akauliza nani ameniuzia.

Nikamwambia: mkurugenzi.